Kitanda cha Kutazamwa

Nyumba ya nyuma ya karakana ya baiskeli,
Mtaa wa Mafundi.

Jumatano, 14 Agosti.

Mpendwa Dada,

Salamu zangu zikukute umekaa, tena umekaa mahali pa maana, mgongo umeegemea na nyayo zimefika chini. Usinicheke. Siku hizi nikimkumbuka mtu nimpendaye, jambo la kwanza ninalojiuliza ni huko aliko amekalia nini.

Mgongo wenyewe unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema ngazi za jengo lenu zinakutoa jasho hata siku za baridi. Na shemeji, kile kikohozi kimemwachia, au bado anakitunza kama mali ya urithi? Na binti yako Mdomo, bado anabishana na walimu? Mwambie mama yake mdogo anamwombea kazi ya redio, angalau huko atalipwa kwa kusema.

Sisi huku tu wazima. Baba watoto mzima, watoto wazima, cherehani yangu nzima. Na Mama mzima. Hilo la Mama nimelitanguliza kwa makusudi, kwa sababu najua wewe umeambiwa vingine.

Kaka amekupigia simu akakueleza kwamba Mama amezeeka ghafla, miguu imekwisha, hawezi tena kutoka chumbani mpaka sebuleni bila kushika ukuta, na kwamba sisi watoto tukubaliane anunuliwe kiti cha magurudumu akae humo moja kwa moja. Najua pia kwamba ulilia, na kwamba ulikubali. Dada, futa machozi na uondoe kauli yako. Kiti hicho kisinunuliwe. Mama hana ugonjwa wa miguu. Mama alikuwa analazwa kwenye kitanda kifupi.

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningeanza kutukana kabla hatujamaliza kusalimiana. Kalamu inanishika mkono kidogo. Basi soma taratibu, nami nitajitahidi kueleza mambo kwa mpangilio.

Unanijua nilivyo na wazimu wa vitu vizuri. Ni wewe uliyekuwa unabandua picha za sebule nilizokuwa nakata magazetini na kuzibandika juu ya kitanda chetu, ukisema gundi inaita mende. Sijabadilika. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu nashika kitambaa cha pazia kwanza, salamu baadaye. Mteja akiniletea mahameli nzuri naiweka shavuni, na sioni haya. Napenda kiti kilichotengenezwa na mtu aliyefikiri. Napenda meza ambayo ukipitisha kiganja chini yake, pale pasipoonekana, unakuta pamepigwa msasa vilevile. Kwa hiyo Kaka alipohamia ile nyumba mpya na kuniita nishone mapazia ya vyumba vyote, mimi nilikwenda nikiimba.

Na ni kweli, nilipoingia nilishikwa. Acha niseme ukweli wote. Makochi ya mahameli ya kijani, miguu yake ya shaba. Meza ya marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu. Taa tatu zinaning'inia juu ya meza ya kulia, kila moja na urefu wake. Kuta zina rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai. Na sebule kubwa! Ungesema unaweza kuchezea mpira. Kaka alikuwa amesimama katikati, mikono nyuma, ananitazama ninavyotoa macho. Tulimwita Maringo tangu mtoto, na siku hiyo jina lilimkaa barabara.

Nyumba ile, Dada, ndiyo iliyokuwa nyumba ya mfano ya mtaa wote ule mpya. Ile wanayowapeleka wanunuzi wakaione, imepambwa tayari, ili mtu aweke oda ya nyumba yake. Kaka hakutaka nyumba nyingine. Alitaka hiyohiyo, na kila kilichokuwemo, mpaka vijiko. Tangu apande cheo pale ofisini amekuwa hivyo, anataka kitu akiwa amekwisha kuona watu wengine wanakimezea mate.

Kinyaa changu kilianzia kwenye vitabu. Kuna rafu nzuri ya mbao za msaji ukutani, imejaa vitabu vyenye majalada ya ngozi. Nikavuta kimoja, vikaja vyote kumi na kitu. Ni migongo ya vitabu tu, imebandikwa kwenye ubao mmoja, nyuma yake hewa. Nikacheka. Nikaenda kwenye bakuli la matunda, matunda ya nta. Nikatazama televisheni kubwa iliyotiwa ndani ya ukuta, nikatafuta kitufe cha kuwashia. Ni boksi la plastiki nyeusi. Televisheni ya kweli haiingii kwenye lile tundu walilolichonga, na Kaka amekataza tundu lisiguswe, basi yeye na wifi wanaangalia habari kwenye simu, wamegusanisha vichwa, mbele ya televisheni ya uongo.

Hapo bado nilikuwa natania. Nilikaa kwenye kochi na magoti yakanijia kidevuni, nikasema labda ndiyo mtindo wa sasa. Unajua ukoo wetu. Yule fundi wa nguo wa zamani alikuwa akituona tunakuja anaongeza kitambaa kabla hatujafungua mdomo. Mama alikuwa akibadilisha balbu bila kupanda kiti. Nikadhani tatizo ni sisi. Wenye nyumba nzuri labda ni watu wafupi.

Hata Mama alidhani hivyo, na hili ndilo linaloniuma.

Chumba cha Mama pale kwa Kaka ndicho chumba kinachooneshwa kuliko vyote. Kitanda kina ubao wa kichwani wenye mahameli ya rangi ya waridi na vifungo, na miguuni kuna ubao mwingine uliochongwa na kupakwa rangi ya dhahabu. Mashuka yamepigwa pasi. Mito saba, Dada, mito saba ambayo haruhusiwi kuilalia. Mgeni akija, Kaka anamtembeza: hii sebule, hili jiko, na hiki chumba cha Mama. Habishi hodi. Anasukuma mlango tu, na Mama, ambaye amekwisha kuzisikia sauti zao, anakuwa ameshaamka na kukaa ukingoni, ametabasamu. Wageni wanasema, kweli huyu ana mtoto. Wanapiga picha. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama kwenye mlango ule na kusema, Mama, unalala kama malkia. Akanijibu, ndiyo mwanangu, hata malkia sidhani.

Ndani ya miezi michache akaanza kuinama. Kwanza asubuhi tu, halafu mpaka mchana. Akawa anashika ukuta. Kiuno kikakaza, magoti yakavimba, miguu ikawa inamchoma usiku. Nikimuuliza ananiambia ni uzee tu. Daktari alimpa dawa za kuchua, akauliza kama nyumbani anapumzika vizuri, na Kaka akajibu kwa niaba yake, akamwonesha daktari picha ya kitanda kwenye simu. Daktari akasifu kitanda.

Basi Kaka akaja na wazo la kiti cha magurudumu. Na sasa sikiliza alichoniitia. Aliniita nishone mto wa kiti hicho kwa mahameli ileile ya kijani ya makochi, na sehemu za mikono nizivalishe, kusudi Mama akikaa pale kwenye kona yake asije, kwa maneno ya Kaka mwenyewe, "akatuvunjia mpangilio." Alikwisha kuchagua na kona. Karibu na lile bakuli la nta.

Nilikwenda alasiri moja kupima huo mto. Kaka yuko kazini, wifi yuko jikoni, Mama ameketi kwenye ngazi za nyuma anaota jua. Nikaingia chumbani kwake kuchukua blanketi lake, nikakitazama kile kitanda, nikasema moyoni, ngoja na mimi nionje raha ya wenye nazo. Nikavua viatu, nikajitupa chali.

Visigino vikagonga ubao. Nikajivuta juu, kichwa kikagonga ubao wa pili. Nikajaribu kulala pembe kwa pembe, nyayo zikaning'inia nje, na kile kipembe cha dhahabu kinanikata kifundo cha mguu. Nililala pale nimejikunja, natazama dari, na polepole nikaanza kuelewa. Mimi ni mfupi kuliko Mama kwa kichwa kizima.

Niliinuka nikautazama ubao wa miguuni kwa karibu. Upande wa ndani rangi ya dhahabu ilikuwa imechubuka mistari mistari, ikapakwa upya, ikachubuka tena. Ni kucha za Mama. Na hapo nikakumbuka kwamba Mama hulala na soksi hata wakati wa joto, na siku niliyouliza kwa nini, alisema wifi amemwomba. Alimwomba ili asiharibu ubao.

Dada, nililichukua lile blanketi nililolifuata.

Nikatoka nje kwa Mama, nikakaa naye kwenye ngazi, nikamuuliza bila kuzunguka, "Mama, wewe unalalaje kwenye kile kitanda?"

Akacheka. "Nalala kama mlivyokuwa mmelala tumboni mwangu. Nilifikiri vitanda vya watu wenye nafasi ndivyo vilivyo. Labda wao hawanyooshi miguu."

"Na mbona hukusema?"

"Niseme nini, na mtoto amenunua kwa moyo wake?"

Wakati ule, na hili naomba ulijue, mimi nilimwonea Kaka huruma. Nilidhani ametapeliwa. Nilivaa viatu vyangu nikaenda moja kwa moja ofisi ya wauzaji wa zile nyumba, pale mwanzo wa mtaa, nimejiandaa kupigana kwa ajili ya ndugu yangu. Niliingia na sauti ya juu. Nikamwambia msichana wa mauzo kwamba wamemuuzia mtu mzima vitanda vya watoto na nitawaanika mbele ya watu.

Yule msichana alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Hakukasirika. Akanivutia kiti, cha kawaida, cha plastiki, na sijawahi kukaa raha vile. Kisha akaniambia kwamba samani za nyumba ya mfano hutengenezwa hivyo kwa makusudi: vitanda vinapunguzwa urefu na upana, makochi yanashushwa, meza zinakatwa, ili chumba kionekane kikubwa. Hata milango ya makabati yao ni mifupi. Si vitu vya kutumia, ni vya kutazamwa. Siku zote huishia kutupwa au kupelekwa kwenye nyumba nyingine ya mfano.

Na Kaka aliambiwa. Aliambiwa siku ya kwanza, wakamwonesha karatasi, wakamwambia watamtengenezea vilevile kwa kipimo cha watu, kwa bei ileile, asubiri tu wiki kadhaa. Akakataa. Alikuwa ameshaalika wakubwa zake wa kazini waje kuiona nyumba, na alitaka waione kama yeye alivyoiona. Tena akawauliza, je, hivyo virefu vikiingia, sebule itabaki kubwa hivi? Wakamwambia hapana, itaonekana kama ilivyo. Akasema basi aachiwe hivyohivyo.

Msichana aliponiambia hayo alikuwa anatazama meza yake. Nadhani alinionea aibu. Mimi nilijionea aibu zaidi, mtu mzima niliyekuja kupiga kelele.

Nilirudi pale nyumbani kwa Kaka na nia mbili: kumchukua Mama na kuchukua mapazia yangu. Ndiyo, mapazia. Utaniona mtoto, lakini sikuweza kuvumilia kazi ya mikono yangu ining'inie mle ndani. Nilianza na ya sebuleni, nikaja ya chumba cha Mama, nikaishia chumbani kwa Kaka na wifi. Kitanda chao nacho ni kilekile cha maonyesho, kinaonekana cha watu wawili lakini wawili hao wawe wanafunzi wa chekechea. Nikasogea dirishani, mguu ukajikwaa kwenye kitu chini ya kitanda.

Ni godoro. Godoro refu, nene, la mtu mzima, limesukumwa uvunguni. Lina shuka lililokunjamana, mto mmoja uliobonyea, na miwani ya Kaka ya kusomea.

Nilipogeuka nikamkuta wifi amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Sikuwa na haja ya kuuliza. Akaweka kidole mdomoni, halafu akakiondoa, akasema kwa sauti ya chini kwamba tangu wahamie Kaka hajakilalia kile kitanda hata mara moja, kiuno kilimuuma usiku wa kwanza tu akaenda kununua godoro. Analitandika akienda kulala, asubuhi analificha. Yeye wifi anakilalia pembe kwa pembe na shingo haigeuki tena upande wa kushoto. Nikamuuliza, "Na Mama je? Hakuna aliyemfikiria Mama?" Akasema alimwomba Kaka mara mbili wamnunulie Mama godoro lake. Kaka akasema chumba cha Mama wageni wanaingia bila taarifa, godoro litaonekana.

Ndiyo hivyo, Dada. Alijua kwamba kitanda kinaumiza, kwa sababu kilimuumiza yeye. Akajitibu. Akamwacha Mama alale humo na soksi.

Nimesoma tena sentensi hiyo na bado inanitia kinyaa. Nimewahi kuona watu wakatili, lakini wengi wao angalau hawapangi rangi za mito.

Wifi ndiye aliyenisaidia kufunga nguo za Mama. Tulizifunga kwenye mapazia, hapakuwa na begi karibu. Mama aliuliza tunakwenda wapi, nikamwambia anakuja kunisalimia siku mbili tatu. Akauliza kama Kaka anajua, wifi akajibu kwamba atajua. Sina kinyongo tena na wifi, na wewe usiwe nacho.

Hapa kwangu ni pale unapopajua, vyumba viwili na vumbi la karakana. Hakuna taa za kuning'inia. Shemeji yako alitoa kitanda chetu, kile cha mbao alichotengenezewa na mjomba wake na ambacho mimi nimekidharau miaka yote kwa sababu ya miguu yake mibaya. Sisi tunalala chini na watoto wanafurahi, wanadhani ni sherehe. Mama alipolala mara ya kwanza alijikunja kwa mazoea. Nikamshika nyayo, nikazivuta taratibu mpaka mwisho. Kitanda bado kilikuwa kimebaki. Akatoa sauti ambayo sitaisahau, akalala mpaka jua likapanda.

Haikuwa muujiza, usidhani alirukaruka kesho yake. Alichukua muda, kwa kuchuliwa na kutembezwa. Lakini sasa anakwenda bombani na kurudi na birika, anatembea wima, anagombana na muuza mkaa. Jana nilimkuta anabadilisha balbu. Nilimfokea, lakini moyoni nilikuwa nacheka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, maana kama mambo yangeishia hapo ningekutumia salamu tu.

Jumapili Kaka alikuja. Suti, viatu vinang'aa, gari ameliacha mbali na grisi ya karakana. Kwangu mimi alitikisa kichwa tu, maana alikuta madirisha yake uchi na anajua nani aliyeyavua. Amekuja kumrudisha Mama. Jumamosi anapokea wakubwa wa kazini na wake zao, na safari hii, alisema, wameuliza mama yake yuko wapi. Kona iko tayari.

Mama alitoka jikoni akiwa wima kabisa. Mtoto yeyote angefurahi. Kaka alimtazama miguu, akatazama pembeni. Nilijua amehesabu moyoni kilichotokea, na nikasubiri aseme neno moja tu la mtu mwenye aibu. Ningemsamehe palepale, Dada, unajua hasira zangu zilivyo.

Mama ndiye aliyesema. Alivuta kigoda, akaketi karibu naye, akamshika mkono.

"Mwanangu, mimi sirudi," alisema. "Usidhani nimekasirika. Nilikuwa nakusikia. Kila usiku nasikia godoro linaburutwa upande wa pili wa ukuta. Nikajua kitanda chenu hakiwatoshi, na kile ambacho kingekuwa chako umenipa mimi. Nikasema, huyu mtoto analala sakafuni kwa ajili yangu, nitafungua vipi mdomo niseme miguu inaniuma? Hata hapa nilipo silali vizuri nikikufikiria. Sasa kitanda kiko wazi. Rudi ukalale juu, baba, upumzike."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mkasi mkononi. Nilimtazama Kaka. Alinitazama. Alijua kwamba najua, na alijua kwamba mbele ya Mama sitasema. Akasafisha koo.

"Haya, Mama," akasema. "Nashukuru."

Mama akaingia ndani, akatoka na blanketi lake zito, lile la zamani alilotufunikia sisi sote watatu tulipokuwa wadogo. Akampa alitandike chini ya shuka, akisema kwamba mtu aliyezoea sakafu kitanda humsumbua siku za mwanzo. Nilidhani hapo atashindwa. Alilipokea, Dada. Alilikunja vizuri, akalipeleka kwenye gari, akalilaza kwenye kiti cha nyuma ili lisimwachie nyuzi kwenye suti.

Nilitema mate mlangoni kwangu mwenyewe.

Basi nimepata nilichotaka. Mama yuko kwangu, hatarudi, anatembea. Na kila siku anamsifu Kaka kwa majirani, mtoto aliyelala sakafuni ili mama yake alale kitandani, na wanawake wa bombani wanafuta machozi. Nikisema ukweli, namnyang'anya mtoto huyo mzuri ambaye ndiye aliyemfanya avumilie. Nikinyamaza, inabidi nisikilize. Nimeshona kimya kimya siku tatu na nimejichoma sindano mara nyingi kuliko mwaka mzima. Wewe ndiye mkubwa wetu. Niambie la kufanya, nami nitalifuata hata kama sitalipenda.

Na kile kiti cha magurudumu, nakurudia tena, hapana.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake, na Mdomo, na yule jirani yako mwuguzi aliyekuwa akikuletea barua zangu juu. Shemeji yako anakusalimia sana, anasema sasa mke wake ameacha kukisema kitanda cha mjomba. Watoto wanauliza Mama Mkubwa atakuja lini walale chini wote. Wifi naye alipita juzi kwa siri, anakusalimia, shingo bado.

Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki ya halali na usingizi wa miguu iliyonyooka.

Mama amekaa hapa karibu yangu wakati namalizia, anapepeta mchele. Ameniuliza kama nimekuandikia kwamba Kaka alikuwa analala chini. Nimemwambia ndiyo, nimeandika. Amesema niongeze kwamba umpigie simu umshukuru.

Mdogo wako akupendaye kuliko mahameli yote,
Pazia